Tupeane uzoefu: kesi ya mashine ya boti, maswali ya kabila na kofia

Wadau salam aleykum, na wasioitikia hiyo pia hamjambo. Mshawahi kukaa kotini mkasikia mtu aulizwa kabila badala ya kosa? Naanza mimi. Mtoto wa ami yangu, Mbajuni wa Faza (sisi Wabajuni tuko Lamu na Somalia pia), alishtakiwa kuiba mashine ya boti. Mwendesha mashtaka anamuuliza, mara ya mwisho kwenda Somalia ni lini? Sasa mashine imepotea gatini Amu (Lamu), Kismayu ya Somalia yaingiaje hapo? Dogo akababaika maana kweli ana shangazi kule, akanyamaza, na kule kunyamaza kukaonekana hatia. Wakili akapinga, hakimu akasema swali lifutwe, lakini mimi nilikua namtazama usoni na nikajua lishaingia. Tangu lile shambulio la Mpeketoni, Lamu, 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa, tukawekewa kafyu na kukatazwa kuvua usiku, kofia na ndevu zako zinatangulia kizimbani kabla yako.

Mjukuu wa Mgiriama, Malindi: Kwetu hata ukiwa mlalamishi huponi. Babu alikatwa panga na watoto wa nduguye, kisa mvi, wanadai mchawi (kumbe shamba). Siku ya ushahidi wakili wa wale vijana anamuuliza, mzee ile mikoba ya dawa kwako ni ya nini? Watu wote wakaguna. Kovu liko wazi shingoni lakini kuanzia pale babu ndio akawa mshtakiwa.

Wa Bara Lakini wa Hapa: Msitusahau na sisi. Mkikuyu, nimezaliwa Mpeketoni, niko Malindi. Duka liliibiwa usiku wa kwanza kutajwa mimi, "hawa wa bara ndio zao". Katiba kifungu cha 49 inasema ndani ya masaa 24 ufikishwe kotini, mimi nililala selo siku tatu. Halafu lile gwaride la utambulisho, shahidi aonyeshe mwizi ni nani kwenye mstari, kanuni za polisi zinataka watu wasiopungua wanane wanaofanana na wewe, wakapanga vijana wa Kiswahili watupu, mimi peke yangu mrefu mweusi, tukaambiwa kila mtu aseme "fungua mlango". Mie nikasema "mrango". Basi kwisha.

Mkalimani Mstaafu: Bro wa mrango umenichekesha na kuniliza 😂 Mimi nilianza enzi za wazee wa baraza (raia waliokaa na jaji kumpa maoni yao) kwenye kesi za mauaji, kabla hawajaondolewa 2007. Hawakua malaika, wao pia walikua na makabila yao, lakini lugha waliijua. Baada yao nikaingia kesi ya kijana kuzamishwa, shahidi mzee wa Pate, anasema "nilifanya jihadi kumvuta mtoto asizame". Yaani alijitutumua. Siku hiyo mkalimani alikua mwenzangu sio mimi, akaliacha neno vile vile kwenye Kiingereza, na upande wa pili ukasimama hapo hapo, mzee ataje msikiti anaoswali na nani anamsomesha dini. Kotini kimya. Nje akanishika mkono, "Mwanangu, nimesema neno gani baya?"