MREJESHO: Punda wangu kweli alikuwa na mimba, ameshazaa

Wakuu, niliuliza hapa nitajuaje kama punda wangu jike wa mkokoteni, niko Tanga, ana mimba au ni tumbo la majani tu. Amezaa salama, nawashukuru mno.

Kutazama tumbo hakukunisaidia, lilikuwa lilelile miezi na miezi. Kilichonitoa wasiwasi ni daktari wa mifugo. Ultrasaundi haikupatikana, akapima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, akathibitisha. (Msijaribu wenyewe, utumbo unaweza kuchanika.) Tarehe hakuweza kuitaja: punda hubeba kama miezi 12, wengine hufika 14, wakati farasi ni kama 11.

Aliyeniambia nichunguze chuchu, Mungu akubariki sana. Kiwele kilijaa wiki za mwisho, kisha chuchu zikaota kitu kama nta. Nikakesha naye, lakini akazaa nilipokwenda swala ya alfajiri. Nimerudi namkuta mwanapunda amesimama, ananyonya! Kondo la nyuma lilitoka lote asubuhi hiyo. Lisipotoka ndani ya masaa matatu tangu azae, mwite daktari haraka.

Mizigo nimesimamisha, anyonyeshe kwanza.