Mzee wangu: tuongeze imatinibu au tuhamie sunitinibu?

Kijana_Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Mzee ana saratani, uvimbe wa tumbo ule wa GIST, umeshafika kwenye ini. Vidonge vya imatinibu anakunywa siku nyingi. Picha ya CT ya juzi inaonyesha uvimbe umeanza kukua. Tumepewa njia mbili: kuongeza dozi au kuhamia sunitinibu. Alhamisi tunarudi kliniki. Mwenye uzoefu?

DadaKibaigwa: Pole sana. Mbona umeruka ya muhimu? Anakunywa ngapi kwa siku? Alipimwa jeni? Bima je?

Kijana_Nkuhungu: Miligramu 400. Bima yumo kwenye yangu. Jeni ndiyo nini?

Mfamasia_Makole: Kinapimwa kile kinyama walichokata wakati wa biopsi. Mwenye kasoro kwenye jeni ya KIT, sehemu iitwayo eksoni ya 9, ndiye hufaidi zaidi akipandishwa hadi miligramu 800. Wengine nyongeza hiyo huwasaidia kidogo. Sunitinibu mara nyingi ni wiki 4 za kunywa, 2 za kupumzika. Presha ipimwe, na viganja na nyayo huweza kuwaka.

Mzee wa Area C: Mimi imatinibu tu. Ipo kwa ugonjwa huu tangu 2002, tunaijua.

BintiMpwapwa: Kwanza hakikisheni anakunywa kweli. Mama yangu alikuwa akiamka kope zimevimba kama aliyelia usiku kucha, majirani wakasema tunamlisha sumu. Kumbe kidonge anakificha shavuni, nikigeuka anakitema. Nimekuja kujua siku ya kufua: pindo la kitenge limefungwa fundo, ndani vidonge kumi na viwili vimegandana, rangi ya kutu. Na CT ilishatoka mbaya, daktari anadhani dawa imegoma! Nilinyamaza kwa aibu hadi kliniki iliyofuata. Aliporudia kunywa, uvimbe ukatulia.

Zuzu_1: Na zabibu aache, zinagombana na dawa.

Mfamasia_Makole: Si zabibu jamani, ni balungi! Jina lake la Kizungu lina neno zabibu ndani yake, watu wakatafsiri hovyo.

MkulimaHombolo: Shemeji yangu alikataa juisi yangu msimu mzima kwa uzushi huo.

Mzee wa Area C: Nendeni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, treni ya SGR ipo.

DadaKibaigwa: Mgonjwa anayetapika umpandishe treni? Waanzie hapo hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Kijana_Nkuhungu: Nimemuuliza mama kama mzee anameza. Kasema tuongee nikifika nyumbani.

Zuzu_1: Hombolo, kreti ya zabibu bei gani sasa?