Je, karasha la dhahabu linafaa kwa mbale (mawe yenye madini) ya kromu?

Fundi wa Nyakato:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina karakana hapa Nyakato, Mwanza, ambamo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza makarasha ya gololi (mapipa yanayozunguka na kusaga mawe kwa mipira ya chuma) kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Misungwi. Mteja anayechimba kromu Zimbabwe, katika ukanda wa Great Dyke, ameniletea ndoo mbili za mawe meusi mazito, akitaka nimtengenezee mtambo kamili wa kusagia na kuoshea. Niliyasaga kama ninavyosaga ya dhahabu, mpaka yakawa laini kama sembe, kisha nikayapitisha kwenye mwalo, yaani mfereji wa mteremko uliotandikwa magunia. Kilichonaswa na magunia hakikufika hata nusu ndoo, na shimo la maji lilijaa tope jeusi tii. Kosa liko kwenye mwalo au kwenye karasha?

Mchenjuaji:
Mkuu, mwalo hauna kosa; umesaga kupita kiasi. Dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, na jiwe jeupe linaloibeba ni 2.65. Kromaiti, yaani madini meusi yanayobeba kromu, ni 4.5 hadi 4.8 tu, na sapentini, lile jiwe la kijani linaloizunguka, ni kama 2.6. Vyote vikizama, maji huvipunguzia 1 kila kimoja. Kwa hiyo dhahabu huishinda takataka yake mara kumi na moja, ilhali kromaiti huishinda ya kwake mara mbili na kidogo. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, chembe iliyokuwa vumbi haina uzito wa kutulia, na ndiyo hiyo uliyoiona shimoni.

Tena kromaiti hupondeka upesi, na gololi haziihurumii. Anza na karasha la taya, lile linalobana jiwe kati ya bamba mbili, kisha weka watu wachambue kwa mkono mabonge mazuri, kwa sababu bonge safi halina haja ya kusagwa. Yanayobaki yapeleke kwenye kinu cha nondo badala ya gololi: nondo zikilala sambamba, jiwe kubwa huzitenganisha na kupigwa kwanza, huku chembe ndogo zikipita katikati bila kuguswa sana. Weka chekeche mdomoni mwa kinu, na kilichokwisha kupita kisirudi ndani. Chembe nene zioshee kwenye jigi, chombo ambamo maji hupanda na kushuka ili chembe nzito zizame; laini kwenye meza ya kutikisika.

Ng'wana Kwimba:
Ninaunga mkono, ila fundi, usikate bati hata moja kabla ya kupima. Ponda debe moja kwa nyundo, lichekeche kwa nyavu tatu au nne, kisha kila fungu lioshe peke yake kwenye karai, ukiangalia ni kwa ukubwa gani chembe nyeusi zimeachana na za kijani. Ukubwa huo ndio utakaokuambia kinu kiweje. Vilevile kwangua jiwe kwenye mgongo wa kigae cha sakafuni, upande usiong'aa: kromaiti huacha alama ya kahawia, magnetaiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku, huacha nyeusi. Sampuli ipelekwe maabara ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma, na mteja aombe kipimo cha kromu pamoja na chuma, kwani wenye viwanda vya ferokromu (mchanganyiko wa kromu na chuma) hutazama uwiano wa hivyo viwili.

Fundi wa Nyakato:
Asanteni sana, wakuu. Nimekwangua mawe matano sasa hivi. Manne yametoa kahawia, la tano limetoa nyeusi na limenasa sumaku ya spika. Kesho ninaanza na nyavu, na gololi nimezitoa.