Mjadala: Watoto wa Kiethiopia wanaokamatwa njiani, kwa nini wanaishia gerezani?

Mtoa mada: Wakuu, habari ni ileile kila mara. Lori limesimamishwa, Waethiopia wametolewa chini ya magunia, kesho yake mahakamani: faini au jela. Faini hawana. Njia yao inajulikana: Moyale, Nairobi, vipenyo vya Taveta au Horohoro, kisha Tunduma, safari ya Afrika Kusini. Wengine hata ndevu hawajaota. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo. Haikusema mtoto wa Kitanzania. Mbona IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwatoa watoto magerezani kwetu na kuwarudisha kwao? Humo waliingiaje?

Wa Horohoro: Mkuu, hao si wakimbizi, wanafuata kazi. Na dalali anayewasafirisha kawafundisha: ukikamatwa sema una miaka 15. Ukiwaachia leo, kesho lori zima lina miaka 15.

Mama Wawili: Uongo upo, sikatai. Basi apimwe umri kabla ya kusomewa shtaka: eksirei ya kiganja, meno, na pakibaki shaka ahesabiwe mtoto. Nimewahi kukaa mahakamani nikaona. Mkalimani ni mfungwa mwenzao aliyeokota Kiswahili humohumo gerezani. Kijana anatikisa kichwa, inaandikwa amekiri. Umri kwenye hati: 19. Wote 19, kama waliozaliwa pacha! Na kama kuna aliyekimbia vita, angeomba hifadhi kwa lugha gani?

Wa Horohoro: Haya dada, kapimwa, ni mtoto. Alale wapi? Mahabusu za watoto ni chache, mikoa mingi haina kabisa.

Mtoa mada: Ustawi wa jamii wana walezi wa kuaminika, watu wa kumtunza mtoto nyumbani kwao.

Wa Horohoro: Mlezi gani atamweza kijana wa miaka 17 asiyejua Kiswahili, huku dalali anampigia simu usiku aendelee na safari? Atatoroka tu.

Mama Wawili: Hapo umenikamata, wengine watatoroka. Ila safari yenyewe ndiyo hiyo iliyoua zaidi ya 40 ndani ya lori Dodoma mwaka 2012, na 64 kwenye kontena kule Tete, Msumbiji, 2020. Polisi wachukue namba ya dalali siku ileile, dereva ashtakiwe kwa Sheria ya Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na huyo kijana aitwe kama shahidi wa Jamhuri, si mshtakiwa.

Wa Horohoro: Kwa dereva tupo pamoja. Kwa mlezi bado sijashawishika.