Nianzie wapi kusoma sanaa, historia, falsafa na riwaya kwa pamoja?

Mpenda Vitabu

Ndugu wasomaji, naomba ushauri wenu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma mambo ya kazi yangu tu, na sasa nimeamua kujitengea muda wa kusoma vitabu vya sanaa, historia, falsafa na zile riwaya ambazo msomaji huzirudia. Orodha ninazokutana nazo zote zimegawanywa mafungumafungu: falsafa huku, historia kule, wala hakuna anayeeleza jinsi kitabu kimoja kinavyoweza kumfungulia msomaji kingine. Nimewahi kusoma kitabu kinene kinachopitia falsafa yote tangu Wagiriki wa kale, na kilichonibakia kichwani ni majina na tarehe. Je, nianze na vitabu vya utangulizi au niende moja kwa moja kwenye maandishi ya wanafalsafa wenyewe? Na je, ipo njia ya kuzisoma fani hizi nne bila kuzitenganisha?

Kalamu ya Zamani

Ndugu Mpenda Vitabu, njia ipo, nayo ni kuchagua kipindi kimoja cha historia na kukizunguka kwa vitabu vya kila fani. Mimi ningekushauri uchague zama za Napoleon, jemadari aliyejifanya mfalme mkuu wa Ufaransa, kwa sababu wachoraji, wanafalsafa na waandishi wa riwaya wote walilazimika kujibu swali moja: je, mtu mmoja anaweza kweli kuugeuza ulimwengu, au yeye naye anachukuliwa tu na mkondo?

Anza na riwaya ya Mfaransa Stendhal iitwayo La Chartreuse de Parme, iliyotoka mwaka 1839. Mwandishi alikuwa amelitumikia jeshi la Napoleon na kufika nalo Urusi mwaka 1812, hivyo vita alivijua. Mhusika wake mkuu, kijana Fabrice, anakwenda Waterloo, kwenye pigano la mwisho la Napoleon, akiwa na shauku ya kumwona shujaa wake huyo, lakini anachokiona ni udongo wa shamba lililolimwa ukirukaruka vipande vidogo vyeusi. Inamchukua muda kutambua kwamba ni mizinga inayowalenga wao. Baadaye anabaki akijiuliza kama yale aliyoyapitia yalikuwa mapigano kweli.

Kisha nenda kwa Tolstoy, mwandishi wa Urusi. Vita na Amani ilikamilika kuchapishwa mwaka 1869, na mwandishi wake, aliyezaliwa mwaka 1828, hakuviona vita vya Napoleon. Alikuwa askari Sevastopol katika vita vingine, vya Krimea. Jibu lake kwa swali letu ni kali: majemadari hutoa amri ambazo hazifiki, au zinafika wakati mambo yameshageuka, na wanahistoria huja baadaye wakasema kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa amri hizo. Sehemu ya mwisho kabisa ya kitabu inaiacha hadithi na kuwa hoja tupu ya falsafa ya historia. Wengi huiruka, na kwa maoni yangu hao wamekisoma kitabu nusu.

Upande wa pili wa hoja yuko Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, ambaye Oktoba 1806 alimwona Napoleon akipita katika mji wa Jena juu ya farasi, akaandika katika barua kwamba ameiona nafsi ya ulimwengu. Kwa historia yenyewe, soma The Black Jacobins ya C. L. R. James, ya mwaka 1938, inayosimulia mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Hapo Napoleon si shujaa wa mtu yeyote: ndiye aliyetuma jeshi kumwangusha Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi hayo, ambaye alifia gerezani Ufaransa mwaka 1803, miezi michache kabla ya Haiti kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. James anampa Toussaint ukuu wake wote, na papo hapo anaonyesha mipaka aliyowekewa na mazingira yake, kwa hiyo wasomaji wa Tolstoy na wa Hegel wote watapata cha kubishana naye.

Jicho la Mchoraji

Nakubaliana na Kalamu ya Zamani, ila naona sanaa ameisahau, ingawa ni yeye aliyetaja wachoraji. Katika kipindi hichohicho yupo Goya, mchoraji wa Hispania, na kwake mimi ningeanza hata kabla ya riwaya. Itazame picha yake ya mwaka 1814 kuhusu mauaji ya tarehe 3 Mei 1808, pale askari wa Ufaransa walipowapiga risasi watu wa Madrid walioasi. Usisome maelezo yoyote kwanza. Angalia taa imewekwa wapi: iko chini, kati ya wauaji na wanaouawa, na mwanga wake wote unamwangukia mtu mwenye shati jeupe aliyenyoosha mikono. Askari wamepewa migongo tu, wamepangwa kama ukuta, na hakuna uso hata mmoja wa muuaji unaouona vizuri. Ukishayaona haya kwa macho yako, mwandishi wa historia ya sanaa atakuwa na la kuzungumza nawe.

Baada ya hapo ziendee picha zake 80 za Maafa ya Vita, alizozichonga kwenye bamba za shaba, ambazo hazikuchapishwa kwa pamoja hadi mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Chini ya picha moja ameandika maneno yenye maana ya "haiwezekani kutazama", na chini ya nyingine, "nililiona hili".

Kuhusu vitabu vya utangulizi, katika sanaa viwili vinatosha. Cha E. H. Gombrich, The Story of Art, kilichotoka mwaka 1950, kinasomeka bila taabu na kina mtiririko mmoja, ingawa sehemu kubwa yake ni Ulaya. Cha John Berger, Ways of Seeing, cha mwaka 1972, ni kifupi na kichokozi. Insha zake tatu kati ya saba hazina maneno, ni picha tu zilizopangwa ili msomaji atafute hoja mwenyewe. Gombrich atakupa ramani, na Berger atakufanya umtilie shaka aliyeichora.

Mbishi Mstaarabu

Naomba kutofautiana kidogo na ndugu zangu. Mpango wenu ni mzuri kwa mtu aliyekwisha kuzoea, lakini mnamkabidhi mgeni riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja, na falsafa mmemwachia Hegel, ambaye huwatoa jasho hata wanaomfundisha. Kwa falsafa mimi ningempa maandishi mawili mafupi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu mwalimu wake Sokrate aliyehukumiwa kifo: Utetezi wa Sokrate na Krito, ayasome mfululizo. Katika la kwanza Sokrate anawaambia mahakimu kwamba wakimwachilia kwa sharti la kuacha kufalsafu, hatawatii. Katika la pili rafiki yake amempangia kutoroka gerezani, naye anakataa kwa hoja kwamba si haki kuzivunja sheria za mji. Je, kauli hizi mbili zinapatana? Msomaji atakayehangaika na swali hilo atakuwa anafalsafu yeye mwenyewe, na hakuna utangulizi utakaompa jambo hilo.

Kwa historia, asiukose utangulizi wa Muqaddimah ya Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwarabu wa Afrika Kaskazini, aliyeiandika mwaka 1377. Anachukua habari iliyokuwa ikinakiliwa na wanahistoria, kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu laki sita au zaidi, kisha anaihoji kama mhasibu: jeshi la ukubwa huo lingesimama wapi, lingepangwaje kwa mapigano, na wa upande mmoja wangejuaje yanayotokea upande wa pili? Tolstoy mnayemsifu anauliza maswali ya aina hiyohiyo karne tano baadaye.

Mpenda Vitabu

Nawashukuru nyote. Nimeelekea kuanza na Plato na Goya, kwa kuwa vyote viwili havihitaji muda mrefu, kisha Stendhal. Swali moja limebaki: nimeona matoleo ya Vita na Amani yaliyofupishwa. Je, yanafaa kwa kuanzia? Na Hegel nimwache kabisa?

Kalamu ya Zamani

Toleo lililofupishwa liache, kwa sababu mara nyingi kinachokatwa ni zile sura za hoja, ambazo ndizo zilizotufanya tukitaje kitabu hiki. Kama urefu unakutisha, soma kwanza sura za mapigano ya Borodino, ambapo Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, anazurura katikati ya mizinga akiwa amevaa nguo za kiraia na kofia nyeupe. Zikikushika, rudi mwanzo. Kuhusu Hegel, Mbishi amenishinda kwa haki. Usiguse kitabu chake cha mwaka 1807 kwa sasa. Tafuta utangulizi wa mihadhara yake juu ya falsafa ya historia, ambao unasomeka zaidi, na uusome ukiwa na James mkononi, kwa sababu humo Hegel anaiondoa Afrika katika historia kwa kurasa chache, na utataka kuwa na mtu wa kumjibu.