Mjadala: Je, nyumba za moduli zitahimili upepo mkali wa Dodoma?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta hoja inayogusa mfuko na usalama wa watu wengi katika mkoa huu. Chama cha akiba na mikopo ambacho mimi ni mwanachama wake kimepokea pendekezo la kuwajengea wanachama nyumba za moduli katika viwanja vilivyo upande wa Nzuguni. Vyumba vinaundwa kiwandani vikiwa na kuta, madirisha, mabomba na nyaya zake, vinasafirishwa kwa lori, vinapandishwa juu ya msingi kwa kreni, kisha vinaunganishwa. Tangu pendekezo hilo lisomwe, wanachama wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba nyumba nyepesi namna hiyo itaondoka na upepo wa kwanza wa msimu wa mvua, na wapo wanaojibu kwamba Wamarekani, wanaopigwa na vimbunga mwaka hadi mwaka, wanaishi humo bila shida. Mimi naona kwamba nyumba hizi zinaweza kufaa Dodoma, lakini kwa masharti ambayo hayamo katika pendekezo tulilosomewa.

Kwanza tuliweke sawa suala la vimbunga. Kimbunga cha kitropiki hujilisha joto la bahari, na kikifika nchi kavu hupungua nguvu haraka. Dodoma iko mamia ya kilomita kutoka pwani, kwenye uwanda ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilichotokea Lindi mwaka 1952, au kilichowatia hofu watu wa Mafia wakati wa Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, hakitatufikia hapa kwa sura ile. Tulicho nacho sisi ni upepo unaoporomoka kutoka kwenye wingu la mvua ya radi, hasa mvua zinapoanza baada ya miezi mingi ya ukavu. Haudumu, mara nyingi ni dakika chache tu, lakini katika dakika hizo unaezua madarasa, zahanati na nyumba za watu. Ukishang'oa paa, mvua inayoufuata inamaliza dari, magodoro na madaftari ya watoto.

Ushahidi wa Marekani unastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu kila upande unanukuu nusu yake. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, kiliharibu karibu nyumba zote za magurudumu zilizokuwa katika njia yake, yaani zile zinazovutwa na gari na kuegeshwa juu ya nguzo fupi. Picha zake ndizo zinazowatisha watu hadi leo. Nyumba za moduli ni kitu kingine: zinakaa juu ya msingi wa kudumu na zinabanwa na kanuni zilezile za ujenzi zinazoibana nyumba iliyojengwa papo kwa papo. Wataalamu wa FEMA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maafa, walipokagua mabaki ya Andrew waliandika kwamba mitaa ya nyumba za moduli ilipata madhara madogo ya kimuundo, na kwamba namna moduli zilivyofungwa pamoja ilizipa ugumu ambao nyumba nyingi za kawaida za fremu za mbao hazikuwa nao. Sababu inaeleweka: chumba kinachotakiwa kuinuliwa na kreni na kurushwarushwa barabarani bila kupasuka hakina budi kufungwa kwa nguvu tangu kiwandani.

Hata hivyo, wataalamu haohao waliona nyumba nyingi za kawaida zikiwa zimeanguka kwa sababu ya kazi mbovu tu: misumari iliyokosa mbao, mbao za kuzuia kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zisiyumbe ambazo hazikuwekwa kabisa. Ukaguzi ulikuwa umelegea. Florida ikajifunza, na kanuni ya ujenzi ya jimbo zima ikaanza kutumika mwaka 2002. Ndiyo maana namjibu anayesema "Wamarekani wanaishi humo" kwamba wanaishi humo chini ya kanuni na mkaguzi, na tukileta nyumba bila kuleta hivyo viwili, tumeleta nusu ya mzigo.

Nawaalika wenye ujuzi wachangie, hasa mafundi na wahandisi.

Mchangiaji wa kwanza, fundi wa paa, Nkuhungu

Nakushukuru mleta mada kwa kutuita mafundi mapema, kwa sababu kwa kawaida tunaitwa paa likiwa tayari uwanjani kwa jirani.

Niseme ninachokiona kila mara ninapoitwa kurudishia paa lililoezuliwa. Watu hulaumu bati: kwamba ni geji 30, yaani nyembamba, kwamba mwenye nyumba angenunua geji 28 iliyo nene zaidi yasingetokea. Lakini paa linapookotwa, mara nyingi bati bado zimeng'ang'ania papi, zile mbao bati zinapogongelewa, na papi bado zimegongelewa kwenye kenchi. Misumari ya bati ilifanya kazi yake vizuri. Kilichoachia ni mahali kenchi ilipokaa juu ya ukuta. Ukipanda ngazi na kutazama juu ya linta, ule mkanda wa zege ulio juu ya ukuta, utakuta vipande vya waya wa kufungia nondo vilivyokatika, au utakuta hakuna kitu kabisa: kenchi zilikaa pale kwa uzito wake, na fundi akaziba mwanya kwa tofali na chokaa. Nyumba ya namna hiyo haina paa lililofungwa. Ina paa lililowekwa.

Kwa hiyo sikatai kwamba tofali peke yake si kinga. Ninachopinga ni hiki: nyumba ya tofali ikiezuliwa, kuta zinabaki, na mimi na vijana wangu tunaweza kurudisha paa kwa mbao na bati zinazopatikana dukani hapa mjini. Je, moduli ikipasuka kwenye kiungo chake, nani atairekebisha? Paneli iliyotoka kiwandani mbali, yenye bolti za saizi yake, haina mbadala katika duka la vifaa vya ujenzi la mtaani. Mtu wa kipato cha kawaida atakaa chini ya turubai akisubiri kipuri. Kustahimili dhoruba kunapaswa kujumuisha na urahisi wa kurudi ndani baada ya dhoruba.

Mchangiaji wa pili, mkazi wa Chamwino

Mchango wangu ni mfupi. Wazee wetu Wagogo walijenga tembe: nyumba fupi, ya paa bapa, iliyoezekwa kwa udongo mzito juu ya fito na nguzo. Upepo haukuwa na pa kuingilia chini ya paa lile, na hata ungepata pa kuingilia, usingeuinua udongo ule. Adui wa tembe alikuwa mvua nyingi na mchwa. Tulipohamia bati tuliongeza kimo cha nyumba na kupunguza uzito wa paa kwa wakati mmoja, lakini hatukuongeza kitu cha kulishika paa chini. Naomba wataalamu watuambie kama moduli inarudia kosa hilo au inalirekebisha.

Mchangiaji wa tatu, mhandisi wa miundo

Dada wa Chamwino, umeuliza swali ambalo ndilo kiini cha mada, na nitalijibu kwa hesabu.

Shinikizo la upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma kwa takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 144 kwa saa, ambayo ni mara mbili tu, msukumo unafika takriban kilo 100. Hewa ya Dodoma ni nyepesi kidogo kwa sababu ya mwinuko, kama sehemu moja ya kumi, lakini nafuu hiyo ni ndogo. Sasa, paa la bati pamoja na papi na kenchi zake kwa kawaida halifiki kilo 30 kwa mita ya mraba, na kwenye kona na kingo za paa upepo hausukumi bali unafyonza kuelekea juu, kwa nguvu inayoweza kuzidi shinikizo lile la msingi. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku wa nje ukilivuta. Hapo ndipo paa zima linapoondoka kwa pamoja, kama fundi alivyoeleza.

Nyumba nzima ya moduli iko chini ya sheria hiyohiyo. Chukueni kontena tupu la futi 20, ambalo siku hizi linageuzwa kuwa ofisi, duka na hata makazi. Lina uzito wa tani mbili na kidogo, na ubavu wake una zaidi ya mita za mraba 15. Upepo wa kilomita 144 kwa saa unaweza kuusukuma ubavu huo kwa tani moja na nusu hadi mbili. Likiwa limewekwa juu ya tofali nne bila kufungwa, litateleza kabla hata hatujaanza kujadili kama litapinduka. Likifungwa kwa bolti kwenye msingi wa zege ulio mzito wa kutosha, chuma chake hakitatikisika. Kontena ni lilelile; tofauti yote iko kwenye vipande vichache vya chuma na zege lililo chini yake.

Kwa hiyo, mtu akiniletea mchoro wa moduli nitaanza na mambo matatu kabla ya kutazama rangi za kuta. La kwanza ni nanga za msingi: ni ngapi, zina unene gani, na zimeingia kwenye zege kwa kina gani. La pili ni mshono kati ya moduli na moduli, kwa sababu hapo ndipo kazi ya kiwandani inapokabidhiwa kwa kazi ya kiwanjani. Hapa kwetu mshono huo una maadui wawili zaidi. Jua letu linakausha na kupasua silikoni inayouziba, na maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, yanaweza kuupandisha upande mmoja wa msingi na kuuacha mwingine. Moduli iliyokaa sawa mwezi Agosti inaweza kuwa imeachana na mwenzake ifikapo Februari. La tatu ni viambatisho: baraza, kivuli cha gari, kibanda cha jiko. Baada ya Kimbunga Charley kilichopiga Florida mwaka 2004, nyumba za magurudumu zilizojengwa kwa kanuni za upepo zilizokazwa mwaka 1994 zilionekana kustahimili vizuri kuliko za zamani, lakini vibaraza vilivyoongezwa baadaye viling'oka na kutoboa kuta na paa za nyumba zilizokuwa nzima.

Jibu langu kwa swali la tembe ni hili: moduli inarudia kosa la wepesi, na inalirekebisha iwapo tu kamba ya nguvu haikatiki popote, kutoka bati hadi papi, papi hadi kenchi, kenchi hadi ukuta, ukuta hadi msingi. Kiwanda kinaweza kuzifunga sehemu za juu vizuri kuliko fundi aliye juani na mwenye haraka. Sehemu ya mwisho, ya ukuta na msingi, inafungwa hapahapa Nzuguni.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Hoja ya fundi kuhusu vipuri imenigusa kweli, na sina jibu la kuifuta. Ni udhaifu halisi wa moduli, nami nitaiwasilisha kwenye mkutano kama gharama ya kuhesabiwa, si kama malalamiko ya watu wanaoogopa mambo mapya. Muuzaji atakiwe kutumia kenchi na bati za vipimo vya kawaida vya sokoni, ili angalau paa liweze kurekebishwa na mafundi wa hapa.

Sitakubaliana, hata hivyo, na wanaotaka pendekezo lote litupwe kwa sababu "tofali ni tofali". Mtu anayedai hesabu ya upepo kwa moduli, huku nyumba yake ya tofali ina kenchi zilizofungwa kwa waya wa nondo, hajadai usalama, amedai mazoea. Masharti haya yaibane nyumba yoyote itakayojengwa kwa fedha za wanachama, iwe ya kiwandani au ya tofali za kuchoma.

Nitakachopeleka ni hiki. Mkataba utaje kwa maandishi mwendo wa upepo ambao nyumba imesanifiwa kuuhimili, na uwe na saini ya mhandisi aliyesajiliwa. Udongo wa kila kiwanja upimwe kabla ya msingi, kwa kuwa viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kuwa na udongo tofauti. Nanga na mishono yote ikaguliwe na mtu asiyelipwa na muuzaji, ikiwa bado wazi, kabla haijafunikwa kwa plasta na jipsamu, na malipo ya mwisho yasitoke kabla ya ukaguzi huo. Baraza na vivuli vya gari visiongezwe bila mchoro.

Mhandisi, nakuomba jambo moja: kama moduli mbili zimefungwa kwa bolti na baadaye msingi ukanyanyuka upande mmoja, je, bolti hizo zinaweza kukazwa upya bila kubomoa ukuta wa ndani?

Mchangiaji wa tatu, mhandisi wa miundo

Zinaweza, ikiwa mchoro umeacha vidirisha vya kuzifikia. Wengi hawaviachi, kwa sababu havipendezi. Liongeze hilo kwenye orodha yako, na litaje kwa idadi: kidirisha kimoja kwa kila bolti ya mshono.