Mrejesho: Lubumbashi hadi Kilwa Kisiwani bila ndege

Wandugu, aksanti sana kwa ushauri. Niliwauliza kama mtu anaweza kutoka Lubumbashi hadi magofu ya Kilwa Kisiwani, Tanzania, bila kupanda ndege. Inawezekana: mabasi kupitia Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Dar es Salaam, kisha kusini hadi Kilwa Masoko. Inachosha, lakini unafika. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kibali unakichukua Masoko kabla ya kuvuka. Kisiwani nilianzia Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa; ukisogeza uso karibu unaona vitundu vyake kama sega la asali. Ila msikose Husuni Kubwa, hata jua likiwa kali! Jumba hilo la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, lina bwawa la pembe nane, na bahari iko chini yake. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akitawala.

Kilichonigusa zaidi mimi mtoto wa Katanga: masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Sisi tuliokua na habari za misalaba ya shaba, iliyotumika zamani kama fedha kwetu Katanga, mambo haya yanatuhusu kabisa.

Aliyeuliza kuhusu Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia: mashua zinakwenda, ila elewana na nahodha mapema, maana safari inafuata maji kujaa na kupwa, na kushuka unatembea majini kati ya mikoko.